Ofisi Ndani ya Nyumba ya Kupanga

Kabla hujafika kwa maseremala wa Keko kuagiza meza, chukua kiti kimoja cha plastiki uzunguke nacho nyumbani kwako. Kiweke kona ya sebule saa mbili asubuhi, ukae dakika kumi na kazi yako mapajani. Rudi na kiti hichohicho saa sita mchana, kisha saa kumi alasiri. Andika kwenye daftari jua linaingilia wapi, upepo unatokea wapi, sauti gani inasikika, na nani amepita mbele yako. Fanya hivyo chumbani, ukumbini, hata kwenye korido kama ina dirisha. Siku mbili tatu za kuhama na kiti zitakuokolea fedha nyingi kuliko punguzo lolote la dukani, maana meza ikishapitishwa kwenye mlango mwembamba wa nyumba ya kupanga, ikageuzwageuzwa mpaka ikaingia, haitoki tena mpaka siku ya kuhama.

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka, na nimeifanyia nyumbani, Dar es Salaam, kwa miaka mingi: kwanza kwenye chumba na sebule, baadaye kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mengi ninayokueleza hapa nimeyajua kwa hasara. Wanaonijia kuomba ushauri ni wahasibu wa kujitegemea, walimu wanaosahihisha mitihani nyumbani, wachora ramani za majengo, mafundi cherehani wanaopokea oda kwa simu. Karibu wote huanza na swali la meza. Mimi huwarudisha nyuma. Tazama dirisha kwanza, kisha umeme, kisha ukae na watu wa nyumbani mzungumze. Kiti kinafuata. Meza ni ya mwisho, kwa sababu ukiiweka kona yenye joto utaikimbia wiki ya pili, na utarudi kitandani na kompyuta tumboni.

Dirisha

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana halina upande mmoja wa kudumu. Kuanzia Aprili hadi Septemba hupita kaskazini mwa paa lako. Kuanzia Novemba hadi Januari hupita kusini. Katika miezi hiyo yote saa sita mchana liko juu sana, na ukingo mfupi wa bati unatosha kulizuia lisiingie kwenye madirisha ya kaskazini na kusini. Dirisha la mashariki litakusumbua asubuhi, lakini kufikia saa nne limetulia. Dirisha la kuogopwa ni la magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua huteremka, likapita chini ya kila ukingo, likapiga ukuta wa tofali za saruji, na ukuta ule huendelea kutoa joto hata baada ya chakula cha usiku. Ukiweka meza mbele ya ukuta huo mwezi Februari, kila alasiri utaona usingizi unakuchukua na utadhani ni uvivu.

Kama nyumba haikupi chaguo, zuia jua likiwa bado nje. Jamvi au chiki ya mianzi iliyoning'inizwa nje ya dirisha hufanya kazi kubwa kuliko pazia zito la ndani, kwa kuwa jua likishapita kwenye kioo joto lake limekwisha kuingia chumbani. Mwenye nyumba asipotaka misumari, nondo za dirisha zina mahali pa kufungia kamba.

Kuhusu upepo, wazee wa pwani walishatupa kalenda. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na huja na joto. Kusi huanza Aprili, hutoka kusini mashariki, na ndio upepo wa baridi. Dirisha linalotazama upande huo ni mali. Lakini upepo hauingii chumba kisicho na mahali pa kutokea, kwa hiyo kona nzuri ni ile iliyo kati ya dirisha na mlango, au kati ya madirisha mawili. Feni nayo haishushi joto la chumba. Inachofanya ni kukausha jasho mwilini. Ielekeze kwako, iweke chini ili isipeperushe karatasi, na uizime unapotoka.

Ukishapata kona, geuza kiti ili dirisha liwe ubavuni. Dirisha likiwa mgongoni, kioo cha kompyuta kitaakisi mwanga na macho yatauma. Likiwa mbele, utakodoa macho kutwa. Wanaoandika kwa mkono wa kulia wafurahie mwanga wa kushoto, kwani kivuli cha mkono hakiangukii maandishi. Kuna jaribio jepesi: zima kompyuta uketi mbele ya kioo kilichozimika. Ukiona dirisha au taa ndani yake, geuza tena. Kikao cha video tu ndicho kinachotaka dirisha mbele yako, ili uso uonekane, na kwa hicho unaweza kuihamisha kompyuta nusu saa.

Umeme

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza mali na kazi.

Anza na soketi. Umeme wetu ni volti 230 na soketi zetu ni za matundu matatu ya mraba. Vifaa vingi vinavyouzwa mtaani huja na pini mbili za mviringo, na watu hufungua tundu la juu kwa kijiti cha kalamu ili pini ziingie. Usifanye hivyo mahali utakapokaa saa nane kila siku. Pini iliyolegea hutoa cheche, na cheche huyeyusha soketi. Nunua plagi ya kubadilishia iliyo imara, au umwombe fundi umeme akate ile ya zamani akufungie ya pini tatu. Siku hiyohiyo mwombe akague kama waya wa ethi umeungwa kweli. Nyumba nyingi za kupanga zina matundu matatu ukutani na waya wa tatu hauendi popote. Dalili moja ni ule mwasho mdogo unaousikia vidoleni ukigusa bodi ya chuma ya kompyuta iliyochomekwa.

Ekstensheni moja nzuri inashinda tatu zilizoungwa mkia kwa kichwa. Soma namba iliyoandikwa: ampia 13 kwa volti 230 ni karibu wati 3,000. Kompyuta, taa na ruta havifiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Hatari inaingia pale pasi au jagi la umeme linapochomekwa kwenye ekstensheni ya ofisi kwa sababu iko karibu. Iambie nyumba nzima kwamba ekstensheni hiyo ni ya kazi tu.

Umeme kukatika si jambo baya kuliko yote. Umeme kurudi ndio unaoua vifaa, maana mara nyingi hurudi kwa kishindo, ukaondoka, ukarudi tena ndani ya dakika chache. Kompyuta yangu ya mezani iliungua hivyo usiku mmoja, nikiwa na tafsiri ya kurasa 80 ndani yake na nakala moja tu. Kurasa hizo nilizifasiri upya kwa siku kumi na moja, bila malipo ya ziada, na mteja yule sikumpata tena. Tangu hapo sheria ya nyumbani kwangu ni hii: umeme ukikatika, yeyote aliye karibu anachomoa plagi za ofisi, na hazirudishwi mpaka umeme umetulia dakika tano. Watoto wanaijua kuliko mimi. Kwa kompyuta ya mezani, UPS ndogo ni ya lazima. Kwa printa na monita, stebilaiza inatosha.

Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ianze kuwashwa mapema mwaka 2024, mgao mkali tuliouona mwishoni mwa 2023 umelegea. Hata hivyo nguzo bado huanguka na transfoma bado huharibika mvua za masika zikikolea, kwa hiyo akiba ya umeme bado ina maana. Ila usikurupuke kununua. Piga hesabu kwanza. Kompyuta mpakato hula wati 45 hadi 65. Ruta hula karibu 10, balbu ya LED 9, feni ya mezani 40 hadi 50. Kompyuta, ruta na balbu kwa pamoja havizidi wati 85. Ongeza zinazopotea kwenye inveta, sema 100. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na tindikali haifai kukamuliwa zaidi ya nusu, vinginevyo inakufa mapema. Nusu ni 600, ambazo kwa matumizi ya wati 100 ni saa sita. Ukiwasha na feni, unabaki na kama saa nne. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakuruhusu kutumia sehemu kubwa ya chaji yake, ndiyo maana bei yake iko juu. Nenda dukani na hesabu hii mkononi, na muuzaji hatakuuzia inveta ya kuendeshea nyumba ya ghorofa.

Na kama fedha haipo, kuna njia rahisi ambayo wengi hawaifikirii. Kompyuta mpakato ina betri yake. Umeme ukikatika inaendelea. Kinachozimika ni ruta. Betri ndogo ya ruta, ile inayochomekwa kati ya ruta na ukuta, huiweka hai kwa saa kadhaa kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na inveta. Geuza ruta usome nyuma yake: nyingi ni za volti 12, lakini si zote, na ukikosea volti utaiunguza.

Kuna jambo la LUKU, hasa kwa tunaoishi nyumba zenye mita moja kwa wapangaji wanne. Ukianza kushinda nyumbani, majirani wataona uniti zinaisha na macho yatakugeukia. Usisubiri maneno. Wapelekee hesabu. Kompyuta ya wati 60, saa nane kwa siku, siku 22 za kazi, inakula uniti 10 na nusu kwa mwezi. Feni ya wati 50 kwa saa hizohizo ni uniti 9. Toa mchango wa uniti 20 waziwazi, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Kiyoyozi ni habari nyingine: chenye wati 900 kikifanya kazi mfululizo kwa saa hizohizo kinavuka uniti 150, na hicho hakikai kwenye mita ya kuchangia.

Intaneti

Pima kila kona kwa simu kabla hujaamua, na uangalie kasi ya kupandisha, si ya kushusha peke yake, kwa kuwa kikao cha video na kutuma mafaili makubwa hutegemea kupandisha. Ruta ipande juu, iwe wazi. Isiwe nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati.

Kuwa na laini ya pili ya mtandao mwingine, yenye bando dogo la akiba. Lakini jua mpaka wa kinga hiyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Wengi waliokuwa na laini mbili waligundua kuwa zote zinategemea nyaya zilezile. Siku kama hiyo anayefanya kazi ni yule ambaye kamusi zake, mafaili yake na maelekezo ya mteja viko ndani ya mashine. Kila jioni pakua utakachohitaji kesho.

Watu wa nyumbani

Mlango uliofungwa mchana katika nyumba ya Mswahili una maana mbili: mtu anaumwa au amekasirika. Ukijifungia bila kusema neno, baada ya nusu saa utagongewa kuulizwa kama uko salama. Na aliye nyumbani mchana huhesabiwa hana kazi. Atatumwa gesi, ataombwa amshike mtoto mara moja, atapokea mgeni wa jirani aliyekuta kwake kumefungwa. Hakuna ubaya wowote katika hayo. Nyumba haijaambiwa, basi.

Iambie. Kaa na mwenzako, na watoto wenye umri wa kuelewa, na dada anayesaidia kazi kama yupo. Taja saa, usiseme "asubuhi". Kwa mfano: kuanzia saa mbili na nusu hadi saa sita na nusu niko kazini, nikitoka hapo nakula nanyi, naweza kwenda sokoni, naweza kutumwa, saa nane narudi mpaka saa kumi na moja. Kisha tafuteni alama. Kwetu ni pazia la kitenge kwenye mlango wa kona yangu: likishushwa niko kazini, likifungwa pembeni njoo. Alama inafanya kazi kwa sharti kwamba unaiheshimu wewe mwenyewe. Ukishusha pazia ukaonekana unaangalia mpira kwenye simu, umeshaivunja.

Mgeni mkubwa akiingia, mama mkwe, shangazi, mzee wa mtaa, usimsalimie ukiwa umeketi nyuma ya kioo. Inuka, mwamkie, kaa naye dakika kumi, mwulize habari za nyumbani kwake na uzisikilize. Kisha omba ruhusa: "Mama, naomba niingie kazini kidogo, saa saba nitatoka tule pamoja." Sijaona mzee aliyekataa ombi la namna hiyo, na mara nyingi yeye ndiye atakayewanyamazisha watoto. Dakika kumi hizo zihesabu kuwa sehemu ya ratiba, kama wafanyakazi wa mjini wanavyohesabu foleni.

Nina neno kwa wanaume, na nalisema kwa moyo wote. Mke anayefanya kazi nyumbani hajawa na nafasi zaidi ya kupika. Nimewaona wanawake hodari, wahasibu na wahariri, wakifanya kazi ya kulipwa saa tano usiku kwa sababu mchana kutwa walikuwa mama wa nyumbani na mfanyakazi kwa wakati mmoja. Kona yake ya kazi ikiwa ni ncha ya meza ya chakula inayopaswa kuondolewa mara tatu kwa siku, huyo hana ofisi. Mpe ukuta wake, na umpe saa zake, na katika saa hizo mtoto akilia uinuke wewe.

Kelele za mtaa nyingi zina saa zake, na ukizijua utapanga simu zako kwa kuzizunguka: adhana ya adhuhuri, kwaya inayofanya mazoezi jioni, mashine ya kusaga inayoanza saa nne, shule inayotoka. Weka vikao katikati ya hayo, na Ijumaa mchana acha wazi. Kelele zisizo na saa, kama muziki wa jirani, zinapunguzwa kwa vitu laini: pazia zito, mkeka sakafuni, rafu ya vitabu kwenye ukuta mnaochangia. Kuta tupu na vigae hurudisha kila sauti. Hedifoni yenye kinasa sauti karibu na mdomo itamsaidia anayekusikiliza kuliko wewe.

Wenye wateja wa ng'ambo wana shida moja inayotokana na lugha yetu. Sisi tunasema saa tisa alasiri, kalenda ya mteja inaandika 15:00, naye huenda anasema "tatu". Kikao hupotea hapo. Bandika ukutani karatasi yenye safu mbili, saa yetu na saa ya kalenda, na katika barua pepe andika siku zote kwa mfumo wa 15:00 ukitaja kuwa ni saa za Afrika Mashariki. Kumbuka kuwa sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha. Tofauti yetu na London ni saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. New York ni saa nane, kisha saba, na wao hubadilisha tarehe tofauti na London.

Kiti, kisha meza

Kipimo cha kiti ni mwili wako. Nyayo zikae sakafuni kikamilifu, magoti yawe usawa wa nyonga, na viwiko vikining'inia kwa utulivu viwe usawa wa meza. Viti vya ofisi vya mitumba mara nyingi ni imara kuliko vipya vya bei ndogo, ila vijaribu: kaa dakika tano bila kuinuka, na kama kiti kimeshuka chenyewe, bomba lake la gesi limekwisha. Geuza utazame miguu mitano kama haina ufa. Kwa joto letu chagua mgongo wa wavu. Ngozi ya bandia hukulowesha jasho na huanza kubanduka kabla ya miaka miwili. Kama bado uko kwenye kiti cha plastiki, kunja taulo uiweke kwenye kibonde cha kiuno, na uongeze mto chini.

Meza za mafundi wetu huwa na kimo cha sentimita 75 hivi. Mtu mfupi akiinua kiti mpaka viwiko vifike, miguu inabaki inaning'inia. Kiboksi kigumu cha kukanyagia kinatatua hilo. Kompyuta mpakato nayo ina kasoro ya kuzaliwa: kioo na kibodi vimeungana, kwa hiyo ama shingo inainama ama mikono inapanda. Iinue kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, kisha nunua kibodi na kipanya vya pembeni. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mwembe wa jirani unafaa sana.

Ukiagiza meza, urefu wa sentimita 120 na kina cha 60 ndio wa chini kwa mtu mwenye karatasi. Mninga ni ghali lakini unastahimili unyevu na mchwa hawaupendi. MDF ikilowa mara moja inavimba na hairudi. Mwambie seremala miguu ifungwe kwa bolti, isigongwe misumari. Wewe ni mpangaji, na siku ya kuhama utamkumbuka.

Karatasi

Usipange karatasi kwa rangi za kupendeza. Zipange kwa swali moja: nani atakuja kuidai hii, na lini? Kazi inayoendelea ikae mezani, kwenye trei moja tu. Za kodi ziende kwenye boksi faili, moja kwa kila mwaka, zikiwa na mikataba, ankara, risiti za EFD na taarifa za benki. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inakutaka uzitunze miaka mitano, kwa hiyo andika mgongoni mwa boksi mwaka wake na mwaka wa kulitupa. Risiti hufifia, kwa sababu zimechapwa kwa joto na si kwa wino. Zipige picha siku ile ile.

Karatasi za wateja ni amana. Mimi hushika vyeti vya kuzaliwa, hukumu za mahakama na ripoti za hospitali za watu nisiowajua. Hizo hukaa kwenye droo yenye kufuli, na kazi ikiisha hurudishwa au kuchanwa. Haziendi kwa mtoto achore nyuma yake, wala kwa muuza karanga. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kufanyia kazi nyumbani hakukutoi ndani yake.

Boksi lolote lisikae sakafuni. Liinue angalau sentimita 20, na liache nafasi kutoka ukutani, kwani mchwa hupanda na ukuta na mvua kubwa huingia kwa mlango. Kwa mafaili ya kompyuta, weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba: mtandaoni, au diski kwa ndugu unayemwamini. Ningekuwa nayo hiyo ya tatu, zile kurasa 80 zingekuwa salama.

Kwenye chumba na sebule, ofisi inapaswa kutoweka jioni. Saa kumi na moja chomoa waya, funga droo, funika meza kwa kanga, fungua pazia. Watu wa nyumbani wakiona kanga imetandikwa wanajua umerudi.

Haya mengi hayahitaji fedha ya haraka. Dirisha, saa na mazungumzo unaweza kuvimaliza wiki hii. Na kama mwezi huu una fedha ya kitu kimoja tu, nunua kiti. Meza ya chakula itakutosha mwaka mzima ukiinua kompyuta kwa vitabu.